Pigeni picha ya ua pamoja na udongo wake

Mwezi wa Aprili, mvua zinapoanza kukatika, safari yangu ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, ambayo ni kama kilomita 120, huwa ndefu kuliko inavyostahili, kwa sababu kila nionapo rangi pembeni mwa lami husema "simama". Mara ya mwisho aliyeshika usukani alikuwa shemeji yangu. Alitafuta mahali pana, mbali na njia ya malori, akaegesha, kisha akanitazama nikipiga magoti vumbini na simu mkononi.

"Shemeki, ile ni majani tu," akasema.

Hakukosea sana. Haumaniastrum katangense, ambalo wazungumzaji wa Kifaransa huliita ua la shaba, ni mmea mdogo wenye maua ya zambarau yaliyosongamana kwenye vichwa vidogo, na kwa mtu aliye ndani ya gari linalokimbia halitofautiani na magugu mengine. Maajabu yake yako chini ya shina. Ua hili hustahimili udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingi ya kawaida, na ndiyo sababu vilima vya shaba vya Katanga vina vipara katikati ya msitu wa miombo: miti ilishindwa, zikabaki nyasi na maua ya namna hii. Watafutaji wa madini walijifunza kuusoma upara huo. Wanaakiolojia nao walilifuata ua hilihili hadi kwenye mabaki ya tanuri za wahenga, ambao walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitengenezea misalaba karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, kuyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911.

Kwa hiyo nina ugomvi na picha tunazotumiana, zikiwemo zangu za miaka iliyopita. Tunalisogelea ua mpaka lijaze kioo cha simu, nyuma yake kunabaki ukungu wa kupendeza, na mtu anayeitazama picha hawezi kujua kama ua limeota Katanga au kwenye chungu cha barazani. Ua la shaba likiondolewa udongo wake limenyamazishwa. Afadhali mpiga picha arudi hatua mbili nyuma, aonyeshe ardhi, kilima, hata mtaro.

Nasema mtaro kwa sababu ua hili halikai vilimani peke yake. Hujitokeza pia kwenye ardhi iliyovurugwa na kuchafuliwa na madini. Nililokuwa nikilipiga picha siku ile lilikuwa ukingoni kabisa, mahali ambapo malori ya madini hupita usiku na mchana. Huenda basi halikuwa likinieleza chochote juu ya kilima, bali juu ya yale yanayodondoka kutoka kwenye malori hayo. Picha iliyokatwa kwa unadhifu ingenificha swali hilo.

Wako wanaong'oa mmea mzima ili waupeleke nyumbani, jambo nisiloliafiki hata kidogo. Ua la shaba lenyewe bado lipo kwa wingi, lakini baadhi ya mimea ya vilima hivi haipatikani penginepo duniani. Acalypha dikuluwensis, uliojulikana Dikuluwe tu, upande wa Kolwezi, ulitoweka pamoja na ardhi yake iliyochimbwa.

Shemeji alipiga honi mara mbili. Nilikuwa nimepata picha moja tu ya kuhifadhi, nayo si nzuri: lori lilipita, upepo wake ukalitikisa ua, likatoka kama doa la zambarau lisilo na umbo. Kilichotoka wazi ni udongo mwekundu uliopasuka, na kando ya shina kijiwe cha malakiti, madini yenye shaba, cha ukubwa wa punje ya mahindi, kijani kibichi, ambacho sikukiona nilipokuwa nimepiga magoti.