Viporo vya 1947 na ubingwa wa Liverpool

Msimu wa kwanza wa ligi ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ulianza tarehe 31 Agosti 1946 na haukumalizika hadi tarehe 14 Juni 1947, wiki kadhaa baada ya wakati uliozoeleka, na tangu hapo haujakosa wa kuulaumu. Lawama inayorudiwa zaidi ni kwamba viongozi wa ligi waliuburuza mpaka ukapoteza ladha: Liverpool walicheza mchezo wao wa mwisho tarehe 31 Mei, wakafikisha pointi 57, kisha wakakaa wiki mbili wakisubiri Stoke City wacheze kiporo chao, yaani mchezo ulioahirishwa, ndipo bingwa ajulikane. Wenye hoja hii wanaona ingekuwa heri kuufunga msimu mapema, ama kwa msimamo uliokuwepo, ama kwa wastani wa pointi kwa kila mchezo.

Si hoja ya kupuuzwa. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Machi theluji ilifunika viwanja, na makaa ya mawe yakaadimika kiasi kwamba serikali ya Clement Attlee ilikata umeme wa viwanda vingi mwezi Februari. Mwezi Machi michezo ya katikati ya juma ikazuiwa. Ligi haikuwa ikitumia taa za uwanjani wakati ule, kwa hiyo mchezo wa Jumatano ulichezwa mchana, na maelfu ya wafanyakazi waliokwenda kuutazama walikuwa maelfu waliokosekana kazini. Zikabaki Jumamosi na sikukuu, na Jumamosi hazitoshi kumaliza viporo vya majira ya baridi nzima. Matokeo yake ni ratiba iliyochanika vipande: timu moja imekwisha kumaliza, nyingine ina mchezo mmoja, ya tatu inamuuza nyota wake katikati ya mbio za ubingwa, kama Stoke walivyofanya tarehe 10 Mei walipomuuza Stanley Matthews kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Matthews alikuwa na umri wa miaka 32, na uhusiano wake na meneja Bob McGrory ulikuwa umeharibika siku nyingi. Hilo la mwisho, kwa haki, haliwezi kutwishwa kalenda.

Hata hivyo wanaopendekeza kwamba msimu ungekatwa mara chache huketi na kupiga hesabu ya nini kingetokea. Tuichukue asubuhi ya tarehe 31 Mei, saa chache kabla ya Wolverhampton Wanderers (Wolves) kuwakaribisha Liverpool katika uwanja wa Molineux. Wolves walikuwa na pointi 56 kwa michezo 41. Liverpool walikuwa na 55 kwa michezo 41. Manchester United, ambao uwanja wao wa Old Trafford ulikuwa umebomolewa kwa mabomu na walikuwa wakicheza Maine Road, nyumbani kwa Manchester City, walikuwa wamekwisha kumaliza michezo yote 42 wakiwa na pointi 56. Ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili, na waliolingana walitenganishwa kwa kugawanya mabao ya kufunga kwa mabao ya kufungwa. Wolves walikuwa wamefunga 97 na kufungwa 54. United walikuwa wamefunga 95 na kufungwa 54 vilevile. Kwa maneno mengine, kuufunga msimu asubuhi ile kungempa mtu ubingwa wa Uingereza kwa tofauti ya mabao mawili katika michezo themanini na mitatu ya timu mbili, huku mmoja wa hao wawili akiwa amecheza pungufu. Na kama tungetumia wastani wa pointi, Wolves wangekuwa juu kwa 1.366, Liverpool wakifuata kwa 1.341.

Alasiri ya siku hiyohiyo, katika joto kali, bingwa huyo wa kwenye karatasi alifungwa 2–1 nyumbani kwake na timu aliyokuwa amekwisha kuichapa 5–1 kwao Anfield mwezi Desemba. Jack Balmer alifunga la kwanza. La pili lilitoka kwa Albert Stubbins, aliyetoroka na mpira akiwa na Stan Cullis pembeni yake. Cullis, nahodha wa Wolves aliyekuwa akicheza mchezo wake wa mwisho kabla ya kustaafu, angeweza kumvuta jezi na kumwangusha, naye hakufanya hivyo. Sijui ni wastani gani ungeweza kuubashiri mchezo huo. Tofauti ya pointi mbili kati ya wa kwanza na wa nne, yaani 57, 56, 56 na 55, ndiyo inayonifanya niamini kwamba msimu huu hasa ndio usioweza kukatwa bila dhuluma. Bingwa anapoongoza kwa pointi kumi na tano, kukata michezo mitatu hakumwibii mtu kitu; pale timu nne zinapobanana hivyo, kila kiporo ni sehemu ya hukumu.

Ipo pia sababu ya kihistoria ambayo wakosoaji huipita haraka. Ratiba ya 1946–47 ilikuwa ileile iliyoandaliwa kwa msimu wa 1939–40, msimu uliosimamishwa vita vilipotangazwa Septemba 1939 baada ya raundi tatu tu, Blackpool wakiwa wameshinda zote, na matokeo yake yakafutwa. Ligi iliyokaa miaka saba bila msimu kamili, na iliyokuta watazamaji zaidi ya milioni 35 wakimiminika viwanjani katika madaraja yote, isingeweza kuwaambia watu hao kwamba safari hii tena hesabu itaishia njiani. Sisi wenyewe tuliyaona maamuzi ya namna zote mbili mwaka 2020: Kenya msimu ulifungwa na Gor Mahia wakatangazwa mabingwa, Tanzania ligi ikarejea mwezi Juni na Simba wakautwaa ubingwa uwanjani, na ni wazi ni ubingwa upi kati ya hiyo miwili uliozua maneno machache.

Turudi kwa Stoke. Waliingia uwanja wa Bramall Lane tarehe 14 Juni wakijua kwamba ushindi wowote dhidi ya Sheffield United ungewafikisha pointi 57, na kwa uwiano wao bora wa mabao wangewapita Liverpool. Hapa wakosoaji wana haki kamili: timu moja ilicheza ikijua bei ya ushindi, nyingine ilikuwa haina tena mpira wa kupiga. Liverpool siku hiyo walikuwa wakipambana na Everton katika fainali ya kombe la mkoa, na habari ya ubingwa ilitangazwa uwanjani humohumo kabla ya mchezo kwisha. Lakini hofu nyingine, kwamba mwenyeji asiye na cha kupigania angelegeza, haikutimia. Kwenye uwanja uliolowa Sheffield walitangulia mapema kwa bao la mkongwe Jack Pickering, Alec Ormston akasawazisha, na Walter Rickett akawapa wenyeji ushindi wa 2–1.

Dosari ya kweli, basi, ni kwamba michezo ya mwisho haikupangwa siku moja, na chanzo chake si uamuzi wa kucheza michezo yote 42 bali ni zuio la Machi kuachwa liendelee baada ya sababu yake kupungua nguvu. Tarehe 13 Aprili saa za nchi zilisogezwa mbele tena, zikawa saa mbili mbele ya saa ya Greenwich, na kufikia mwishoni mwa Mei jua lilizama karibu saa nne usiku. Mfanyakazi angeweza kumaliza zamu yake na bado akawahi mpira ukianza jioni. Viporo vingi vingeliwa katikati ya juma, na Liverpool na Stoke wangecheza michezo yao ya mwisho alasiri moja.