Wakala wa AI Hana Kaka wa IT wa Kumpigia Simu

Juzi nimeletewa mwongozo wa chombo cha kutolea ripoti za mauzo, juu umeandikwa kwa herufi kubwa: KWA MATUMIZI YA MAWAKALA WA AI, yaani programu za akili mnemba zinazofanya kazi zenyewe. Nikafurahi, nikajua hatimaye kuna mtu amekaa kitako akafikiri. Hatua ya kwanza: "Bofya kitufe cha kijani kilicho juu kulia." Jamani. Programu inayoongea na seva saa nane usiku ina kulia gani? Wamechukua mwongozo ule ule wa wahasibu, wakabadilisha jalada, wakajipigia makofi.

Lakini kitufe ni kichekesho tu. Kilichonikera kiko ukurasa wa mwisho: "Mfumo utatoa ripoti kamili." Kamili, wakati kila anayeutumia anajua unakata kwenye mstari wa 10,000. Na hausemi kama umekata. Unarudisha faili lenye sura nzuri na jibu la 200, yaani mambo safi. Mhasibu akilifungua anaona halina Tabora wala Tanga, ambazo kwa mpangilio wa alfabeti hukaa chini kabisa, ananyanyua simu: "We kaka, Tanga yangu iko wapi?" Kaka wa IT anamtolea upya, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo miongozo mibovu ilivyoishi miaka yote hii, mapengo yake yanazibwa na simu za watu. Wakala wa AI hana wa kumpigia. Ameambiwa ripoti ni kamili, anaamini, anajumlisha, na saa mbili asubuhi mkurugenzi anasoma, tena kwa Kiswahili fasaha, kwamba matawi ya Tabora na Tanga hayakuuza hata soda.

Msiseme natia chumvi. Uingereza mwaka 2020, visa 15,841 vya korona vilikosekana kwenye takwimu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, XLS, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alikula mistari kadhaa, faili likajaa, waliobaki wakaachwa nje kimya kimya. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Na pale palikuwa na binadamu, wenye shahada zao, wakitazama namba hizo kila siku.

Sasa angalia ninachokidai ni kidogo kiasi gani: "Ripoti moja haizidi mistari 10,000. Ikizidi, sehemu iitwayo 'imekatwa' itasomeka 'ndiyo', na iitwayo 'jumla_halisi' itaonyesha idadi yote. Usijumlishe faili lililokatwa. Omba ukurasa unaofuata." Basi. Halafu mniambie faili tupu lina maana gani: hakuna mauzo, au tokeni niliyopewa, yaani ufunguo wa kuingilia mfumo, haina ruhusa ya kuliona tawi hilo? Chombo hiki kwa yote mawili kinarudisha faili lile lile, tupu, na 200 yake. Binadamu atakuna kichwa. Wakala ataandika "hakuna mauzo", maana ndilo jibu linalomaliza kazi. Nilipomuuliza aliyeutengeneza mwongozo akasema hana muda wa kuandika yote hayo. Mistari minne!

Wapo pia wanaosema AI ina akili, itajiongeza. Kujiongeza kwake ndiko ninakokuogopa.

Haya, nakubali, shingo upande, kwamba tangu itifaki ya MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha AI na vyombo vya nje, itoke Novemba 2024 mambo yana nafuu: chombo kinajitambulisha chenyewe, vigezo vyake vimeorodheshwa, wakala habahatishi majina. Lakini orodha hiyo itakwambia kigezo cha 'tarehe_mwanzo' hujazwa maandishi, itakomea hapo. Haikwambii siku inaanza saa ngapi. Seva inayohesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, inaianza siku yetu saa tisa usiku, kwa hiyo mafuta yote yaliyouzwa sheli baada ya saa sita usiku mpaka saa hiyo yanaingia kwenye mauzo ya jana. Meneja wa zamu ya usiku atajieleza nini?

Na vipindi. DHIS2, mfumo unaopokea taarifa za vituo vya afya Tanzania na Kenya, unaandika mwaka wa fedha unaoanza Julai hivi: 2024July. Ni sura mbaya kweli, hata sitetei, ila ukiuona unajua mwaka umeanza lini. Mwongozo wetu umeandika "robo ya kwanza" ukaendelea na mambo mengine. Robo ya kwanza ya nani? Halmashauri mwaka wake unaanza Julai 1, wenye maduka ya jumla wanahesabu kuanzia Januari, na chombo hiki kimeuzwa kwa wote wawili.