Jocasta, mama asiyetazamwa

Msiba wa Thebes, mji wa Ugiriki ya kale, ukisimuliwa, machozi yote humwendea Oedipus: kamuua baba bila kujua, kamwoa mama bila kujua, mwisho kajitoboa macho. Mimi kila nikiisoma tamthilia ya Mgiriki Sophocles juu ya msiba huo huwa namfuata Jocasta, yule mama, na kuna mahali hunikwama.

Anataka kumtoa mumewe Oedipus hofu ya watabiri, basi anamsimulia ya zamani. Laius, mumewe wa kwanza, aliambiwa atauawa na mwanawe. Mtoto akazaliwa, siku tatu hazijapita Laius akambana vifundo vya miguu, akaagiza watu wakamtupe mlimani. Sikiliza anavyolipanga: Laius alimfunga, watu wakamtupa. Mama mzazi hayumo.

Baadaye mchungaji mzee, yule aliyepewa mtoto, anabanwa na Oedipus kwa maswali. Mtoto ulipewa na nani? Na mke wa mfalme. Umfanyeje? Nimuue. Oedipus anashtuka: aliyemzaa mwenyewe?

Wapo watakaosema Jocasta ni mwongo. Nakataa. Alikuwa akiogopa utabiri, na kitendo chenyewe hakitamkiki. Amekaa nacho miaka yote hiyo, akijiondoa kidogo kidogo kwenye habari yake mwenyewe. Na makovu ya miguuni mwa Oedipus, je, hakuyaona, na watoto wanne wamezaa? Nadhani aliyaona, akakataa kuyasoma.

Hata hivyo ndiye anayeng'amua mwanzo. Mjumbe wa Korintho anapotaja miguu ya mtoto iliyotobolewa, Oedipus bado anahoji huku na huku. Jocasta yupo palepale, kimya. Akifungua kinywa ni kumsihi mwanamume aache kuuliza, asije akajijua ni nani. Mwenzake anadhani mke anaona haya kuolewa na mtoto wa mtumwa! Umewahi kuona mtu akikosea namna hiyo?

Anaingia ndani. Euripides, mtunzi mwingine wa Kigiriki, kwenye tamthilia yake alimwacha hai hadi wanawe Eteocles na Polynices wakauana, ndipo akajiua kwa upanga juu ya maiti zao. Kwa Sophocles anajifungia chumbani na kumlilia Laius, kisha anajinyonga. Habari tunaipata kwa mtumishi, naye anakiri hakuona alivyokufa. Oedipus aliingia mbio akipiga kelele, macho ya wote yakamgeukia yeye.