Presha 126 sio ya kukimbilia dawa

Kuna habari inasema presha ya 120 mpaka 129 kwa namba ya juu, ya chini ikiwa haijafika 80, ni "imepanda kidogo", na naona wengi hapa kwenye maoni washaanza kuulizana dawa gani nzuri. Jamani tulieni, hapo kwa kawaida mtu haanzishiwi dawa, anaambiwa abadili mtindo wa maisha kabla haijafika 130 huko. Mimi mara ya kwanza nilipimwa nimetoka kupanda ngazi mbio, nahema, huku napiga stori na nesi, ikaja 138, usiku sikulala kumbe nilipimwa vibaya tu. Kaa kimya dakika 5, egemea mgongo, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, kahawa na sigara acha nusu saa kabla, alafu rudia siku nyingine. Yangu ikatulia kwenye 126. Mazoezi nayaweza, chumvi ndo mtihani, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isifike gramu 5 kwa siku yani kijiko cha chai hakijai vizuri, na humo imo mpaka ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya kopo. Na wewe unayesema "mbona kichwa hakiniumi", presha mara nyingi haiumi popote ndugu yangu, kapime.