Zabibu Dodoma tunazo, waini ni ya nani?

Mimi ni mtoto wa Dodoma ila kwa sasa naishi Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kwa hiyo zabibu nimeziacha kule nikazikuta huku. Nyumbani wakinipigia wanadhani wenzetu wana udongo wa ajabu. Mimi naona tofauti kubwa ni nani anaimiliki waini.

Chukua familia ya Trimbach hapa Ribeauvillé, wameanza 1626 na mpaka leo ni ukoo uleule, mzazi anamwachia mtoto. Waini yao nyeupe, hasa ya zabibu iitwayo Riesling, ni kavu, yaani sukari ya zabibu inaachwa ichachuke yote, hakuna utamu wa kufunika kasoro, ukinywa unasikia uchachu kama wa ndimu halafu mdomo unabaki msafi kabisa. Lile shamba lao maarufu la Clos Sainte Hune halifiki hata hekta 2, na waini yake inalala kwenye chupa miaka kadhaa ndo waitoe sokoni. Hebu fikiria, mtu kavuna, katengeneza, halafu anatulia anasubiri, sababu tangi ni lake na jina kwenye lebo ni la mababu zake.

Sasa njoo Hombolo, kwetu Dodoma. Mkulima wetu anavuna mara mbili kwa mwaka, huku na baridi yao hawaliwezi hilo, lakini siku ya mavuno ndo siku ya presha, kreti zimepangwa chini ya mti, nyuki wameshajaa, zabibu za chini zimeanza kuvuja maji, na mnunuzi anajua fika kwamba kesho zitakuwa zimeharibika, basi bei anapanga yeye. Kuna wazee wamelima zabibu tangu sijazaliwa na hakuna chupa hata moja yenye jina lao. Inaniuma sana jamani.

Najua tangi na mitambo ya kupoza ni hela nyingi, na joto letu linaumaliza uchachu wa zabibu haraka ukichelewa kuvuna. Ila hata huku sio wote wenye uwezo, hapahapa Ribeauvillé wakulima waliungana wakaanzisha ushirika wao 1895, wanakamua pamoja wanauza chupa zao wenyewe, na upo hadi leo. Sisi tuna Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayoshikilia uchachu wake vizuri hata kwenye joto, ivunwe alfajiri, ikamuliwe kabla jua halijawa kali, juisi yake ipozwe, waini kavu ya maana inatoka. Ile waini tamu tuliyoizoea ina wateja wake, iendelee, ila sio kila tone la Dodoma liwe tamu, na sio kila mkulima aishie kuuza kwa kilo.

Kama kuna familia au kikundi Hombolo, Mpunguzi au popote Dodoma wanatengeneza nyeupe kavu kwa jina lao naomba mniambie, nikija likizo nanunua kwao moja kwa moja.