Jibu la Mtu Aliyebanwa Kwenye Matatu

Hawa watu wa kura za maoni saa ya kupiga simu huambiwa na nani? Mwaka 2022 kampeni zimechacha, mimi nimebanwa kiti cha nyuma cha matatu ya Bamburi, simu ikalia. Binti, sauti ya asali: "Habari bwana, tunafanya utafiti, majibu yako yatabaki siri." Siri! Simu yangu hata ukininong'oneza dereva anasikia.

"Uchaguzi ungefanyika leo, ungemchagua nani awe rais?"

Gari zima kimya. Makanga, aliyekuwa akigombana na mama mmoja juu ya shilingi kumi, akaacha ugomvi akanikodolea macho. Mbele yangu kijana ana kofia ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, ubavuni mzee ana fulana ya njano ya UDA, chama cha mpinzani wake William Ruto. Nikapiga hesabu haraka: hapa Mombasa, mwenye kofia ana wenzake wangapi humu ndani? Nikajibu "Baba!", yaani Raila, kwa sauti kubwa, nikagongwa mabega kwa furaha. Mzee akageukia dirishani.

"Na kipato chako kwa mwezi?" Jamani, na makanga nimeshamlilia kwamba nauli haijatimia! Nikataja kitu cha kumtoa mtu machozi.

Basi majibu ya namna hiyo ndiyo huenda yakapigiwa hesabu, yakaletwa kwenye taarifa ya habari mtangazaji amekaza uso. Mwanzoni mwa Agosti, kampuni za utafiti zikatoa zao: Ipsos wakampa Raila asilimia 47, Ruto 41. Infotrak, 49 kwa 41. TIFA, 46.7 kwa 44.4. Nukta saba! Nukta nne! Mimi hizo nukta ndizo huniua, kwani ile siku kwenye matatu mbona sikuona nukta? Niliona kofia na fulana. Kura zilipohesabiwa, Ruto 50.49, Raila 48.85. Kweli, kila ripoti ilikuwa na fungu lake la wasioamua na waliokataa kusema. Hao wenzangu walipigiwa wakiwa peke yao, wana bahati.

Na wanasiasa je? Akiwa nyuma, utafiti umepikwa. Akiwa mbele, wananchi wamesema. Sheria yetu inakataza kutangaza matokeo ya kura za maoni siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, lakini kufikia hapo zimeshamlevya aliyelewa. Jirani yangu aliyewania umemisiei, yaani udiwani wa kaunti, alisoma zile asilimia akafunga mfuko wa kampeni. "Chama kinaongoza, wimbi litanibeba." Mwenye hema na viti vya mikutano bado anamtafuta.