Kuzoea? Labda wengine
Hapo mnaposema watu wa mifugo tukishaua wanyama wengi moyo unakuwa sugu, hapana aisee. Mi ni bwana mifugo wa kata mwaka wa tisa huu na kuua wala sio sehemu ngumu, mbwa akishaonyesha dalili za kichaa hana tiba, ukimmaliza umemsaidia yeye na watoto wa mtaa. Ngumu ni hii: ng'ombe kazaa juzi, hasimami, nimeshampiga OTC (oxytetracycline, antibiotiki ya sindano) ile ya asilimia 20, kesho yake naona kabisa haponi, ziwa limejaa maziwa yanadondoka yenyewe kwenye matope na ndama anazunguka tu, halafu mama mwenye ng'ombe ananivuta pembeni, mwanangu we niandikie tu nyama safi nimuuzie mtu wa bucha, hii ndo ada ya mtoto. Dawa ile inataka wiki kadhaa itoke mwilini, nikamwambia mama haiwezekani, tummalize tumfukie. Akaniangalia kama mwizi. (Petroli ya pikipiki nilitia mwenyewe, hiyo tuiache.) Sudan, yule kifaru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho duniani, wa hifadhi ya Ol Pejeta kule Kenya, alipochomwa sindano ya mwisho Machi 2018 dunia nzima iliwapa pole waliomlea, huku kwetu unaosha buti unaenda boma jingine. Hadi leo kwa yule mama napitia njia ya nyuma. Wenzangu wa mifugo mliomo humu, nyie mngeandika?